Siku Mama Alipoitikia Shikamoo

Wanasema hasira ni hasara. Mimi hasara nilishaipata, kwa hiyo naomba niachiwe hasira yangu.

Kwenye barabara inayotoka Butiama kwenda kijiji alikozaliwa mama kuna bango. Limechorwa mwanamke amelala chali, vipande vya tango juu ya macho kama mtu aliyemwagikiwa kachumbari, na chini yake wameandika "Karibu Spa ya Asili". Jina la chemchemi nalo wameliandika, na wamelikosea. Sitaliandika hapa. Likishakosewa kwa herufi kubwa namna ile barabarani, inatosha. Nyumbani kwetu tuliyaita maji ya moto, basi, na kila mtu alijua ni yapi.

Maji yale yanatoka chini ya jabali, na ukiyakanyaga mara ya kwanza lazima uvute mguu. Yalikuwapo kabla ya bango na kabla ya seng'enge. Bibi yake mama aliyakuta, na bibi yake huyo naye aliyakuta. Mama alipelekwa pale mgongoni akiwa na miaka mitatu kwa sababu alikuwa hajaanza kutembea. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umelegea, haushiki. Bibi yake alimpeleka asubuhi nyingi mfululizo, akamchovya, akamkanda, akamrudisha. Siku moja mtoto akatoka majini kwa miguu yake mwenyewe, akaanza kumfuata mbuzi. Habari za huyo mbuzi nimezisikia maisha yangu yote. Mama alipokuwa akisimulia alikuwa anainuka kitini kutuonyesha alivyomfuata.

Mguu ule ndio uliompeleka Murangi, kando ya ziwa, alikoolewa. Ulisimama juani akianika dagaa. Ulitupeleka kliniki sote sita, mmoja baada ya mwingine. Halafu mwaka jana daktari mmoja pale Musoma akaniita pembeni, akasema mguu huo utakatwa. Ilikuwa sukari. Kidonda cha kidole kilianza kidogo kama punje ya mahindi, tukakidharau, kikapanda. Daktari alinionyesha watakapokatia kwenye mguu wake mwenyewe, kwa kalamu, juu ya goti.

Tuliporudi kwa mama, alisikiliza yote bila kulia. Akauliza ni lini. Daktari akasema aingie wodini Jumatano, upasuaji Alhamisi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Kesho unipeleke kwenye maji," aliniambia tulipofika kwangu. "Mguu huu nilipewa pale. Hauwezi kukatwa kama kuni, bila kuaga."

"Mama, daktari amekataza kuloweka kidonda."

"Nani kasema kidonda? Nitachota kwa kiganja, nimwagie goti. Mara tatu. Halafu wafanye wanavyotaka."

Sikubishana. Jumanne ndiyo siku pekee iliyokuwa imebaki, na katika maisha yake yote mama hakuwahi kuniomba nimpeleke popote. Hata hospitali nilimpeleka kwa kumvuta.

Masharti ya maji yale ni machache. Unatoka kitandani bila kusema neno. Huongei na wa ndani, humwitikii wa nje, hata akusalimie nani, mpaka maji yakuguse. Ili watu wasidhani huna adabu, unachuma jani moja la nyasi mbichi unalibana midomoni. Ukikutana na mtu njiani, akiliona jani anajua unakokwenda, anakupisha kimya. Ukishatoka majini unalitupa, na neno lako la kwanza lazima liwe la salamu, kwa mtu wa kwanza utakayemkuta, awe mkubwa, awe mdogo, awe adui yako. Sababu mama alinieleza mara moja tu nilipokuwa msichana. "Unapokwenda kuomba unakwenda umejaa," alisema. "Ukifungua mdomo njiani, unamwagika."

Mama ni mtu wa kanisa, Jumapili haimpiti. Mchungaji wake hakuwahi kumuuliza kuhusu maji, na yeye hakuwahi kumwambia. Mambo hayo mawili yalikaa ndani yake bila kugombana, na mimi sikuona kwa nini niyagombanishe.

Sasa nijieleze mimi. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nimestaafu. Kosa la kwanza nililoliadhibu katika maisha yangu ya kazi lilikuwa kutosalimia. Mtoto akinipita bila shikamoo nilimrudisha mpaka mwanzo wa njia, aje upya. Wengine niliwachapa, nasema ukweli. Mpaka leo naweza kutembea kutoka sokoni Musoma mpaka kwangu nikiitikia shikamoo tu, za watu wazima wenye vitambi niliowafundisha hesabu. Msomaji alishike hilo, maana ndilo lililotuponza.

Gari tulipata kwa jirani yangu, fundi seremala, mtu wa msikitini, mwenye pikapu ya kubebea mbao. Nilimweleza masharti jana yake jioni, nikiogopa atacheka. Hakucheka. "Hakuna shida, mwalimu," alisema. "Mimi nitazima redio, na simu nitaiacha nyumbani." Asubuhi alikuja akasimama mlangoni, akainamisha kichwa kumwamkia mama bila sauti, akamsaidia kupanda mbele. Nguo safi alikuwa ameitandika kwenye kiti. Njia nzima hakufungua mdomo. Nilikuwa nimekaa katikati yao wawili, mwenye kelele peke yangu, nikibana ulimi. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani, vyeusi, cha kushoto amekivaa nusu kwa sababu ya bendeji, na jani lake alikuwa amelichuma mwenyewe kwenye ua wangu, akiegemea ukuta.

Tulipofika fundi alimshusha mama, nami nikafuata. Mahali palipokuwa na njia ya miguu sasa pana geti la bati la bluu, kibanda, na mlinzi mwenye sare ya kijani. Mtu mzima, miaka arobaini hivi. Kwa lafudhi yake ni mtu wa hapohapo, amenyonyeshwa hapo, hakuletwa kutoka mbali. Hilo nalisema makusudi.

"Karibuni," alisema. "Shikamoo bibi."

Mama alimtazama kwa upole, akainamisha kichwa kidogo. Jani lilikuwa midomoni mwake.

"Shikamoo bibi!" Safari hii alipaza sauti, kama anayesema na kiziwi.

"Marahaba," nikasema mimi kwa niaba yake. "Haongei mpaka aguse maji. Wewe ni mtu wa hapa, unajua."

"Hayo mambo yalikuwaga ya zamani, mama. Siku hizi kuna utaratibu." Akafungua daftari kubwa la wageni. "Kila mgeni anajitambulisha mwenyewe. Jina, anakotoka, na shida yake."

"Nitamwandikia mimi. Mimi ni mwanawe."

"Kuandika andika. Lakini kusema aseme yeye. Nitajuaje kama akili zake ziko sawa? Tulikuwaga na mmoja aliingia hivihivi, akaanza kupiga kelele mle ndani, wageni wakakimbia. Bosi alinifokea mimi."

Nilimweleza. Nilimweleza kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikieleza sehemu na asilimia darasani. Kwamba mama alizaliwa nyuma ya kilima kile pale. Kwamba mguu ule utakatwa keshokutwa. Kwamba haogi, hakai, anachota mara tatu kwa kiganja na kuondoka. Alinisikiliza huku akichezea kifuniko cha kalamu. Nikamaliza, akasema, "Nimekuelewa, mama. Sasa aseme jina lake."

Wakati huo wakatoka wageni wawili ndani, mwanamume na mwanamke, wana taulo nyeupe mabegani. Sijui walitoka mji gani. Mwanamke alimwangalia mama, akamuuliza mlinzi bila hata kushusha sauti, "Huyu bibi anakula majani?"

"Labda ndiyo chai yake," mlinzi akajibu.

Wakacheka wote watatu.

Nimejaribu kwa muda mrefu kusema kwamba hapo niliumia kwa ajili ya mama. Si kweli. Hapo niliona aibu. Nilimwona mama kwa macho yao: kizee cha kijijini, mguu umefungwa bendeji, nyasi mdomoni, anasalimiwa haitikii. Na mimi mwalimu mzima nimesimama pembeni yake, niliyewachapa watoto wa watu kwa kosa hilohilo. Nikamgeukia, si mlinzi, mama.

"Mama, muitikie basi tuingie! Neno moja tu, Mungu wangu!"

Mama aliniangalia. Sina namna ya kueleza alivyoniangalia, na sitaki kutafuta. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Alinyanyua mkono, akalitoa jani kwa vidole viwili, akalifunga kwenye pindo la kanga yake. Halafu akamgeukia mlinzi.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema. "Poleni na kazi."

Sauti ilikwaruza, maana ilikuwa haijatumika tangu alale.

"Si unaona!" Mlinzi alifurahi kweli. "Bibi anaongea vizuri kabisa. Karibu, bibi yangu, karibu sana." Akasukuma geti lote, akalifungua mpaka mwisho.

Mle ndani niliona jabali. Wamelizungushia saruji na vigae, wameweka viti vya plastiki, lakini jabali lilikuwa lilelile, na mvuke ulikuwa unapanda kando yake. Zilikuwa hatua thelathini. Hata kwa mguu ule angezimaliza.

"Twende, mama."

"Twende nyumbani."

"Mama, geti limefunguliwa!"

"Nimeliona."

Nilimsihi. Niliposhindwa kumsihi nilimkaripia. Nilimwambia mama yangu, mbele ya watu wenye taulo, kwamba ametutoa Musoma alfajiri bure, kwamba Mungu haangalii nyasi, kwamba anajifanya mkaidi kama mtoto. Alinisubiri nimalize.

"Nilikuja nimejaa," alisema. "Sasa sina cha kupeleka."

Fundi ndiye aliyekuja kumshika mkono. Alikuwa amesimama kando ya gari muda wote, na hata pale ambapo kila mtu alikuwa ameshafungua mdomo, yeye aliendelea kunyamaza. Alimpandisha mama taratibu, akafunga mlango. Mimi nikarudi getini. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka nilimwambia mlinzi kwamba bibi yake aliyemkanda kwenye maji yale anageuka kaburini, kwamba amewauza watu wake kwa sare ya kijani, kwamba nikimkuta Musoma nitamtemea mate. Nilimaliza Kiswahili, nikaingia kwenye lugha ya nyumbani, ambayo alikuwa anaielewa, nilimwona usoni.

"Sasa mama, mimi nimefanya nini?" akauliza. "Si nimefungua?"

Jumatano mama aliingia wodini. Alhamisi mguu ulikatwa. Walikoupeleka sikuuliza, na nikasikia baadaye kwamba kuna ndugu wa wagonjwa wengine ambao waliuliza, wakapewa wakazike.

Kuanzia hapo alikaa kwangu. Watu walikuja kumpa pole, akawachekesha, akawaambia sasa sabuni ya miguu itakaa mara mbili zaidi. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimejaa hasira. Nilimkasirikia mlinzi, na bosi wake ambaye sijawahi kumwona, na yule mwanamke wa taulo, na wale waliouona mwamba unaotoa maji ya moto wakafikiria tango. Niliandika barua mbili kwenda ofisi mbili. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili nilijibiwa kwamba suala langu limepokelewa. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nazunguka nyumba nzima nikitafuta mtu wa kumlaumu. Mama hakunilaumu hata mara moja. Hakuwahi kuitaja siku ile. Nadhani hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, kwa sababu mtu akikulaumu unaweza kumjibu.

Vile viatu vyake vya kanisani vilikuwa chini ya kitanda, vyote viwili. Asubuhi moja nikifagia aliniambia nimpe cha kushoto. Nikampa. Akakipangusa kwa upande wa kanga, akanirudishia.

"Mwenyewe aliondoka hajaaga," alisema. "Peleka kiatu."

Masharti sikumuuliza, nilikuwa nayajua.

Kesho yake nilitoka kitandani bila neno. Nilichuma jani uani, nikachuma na la akiba. Sikutaka kumsumbua fundi tena, na kwa kweli nilitaka iniumize kidogo, kwa hiyo nilitembea mpaka stendi. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wangu wa ubaoni, "Naomba kushuka Butiama." Kabla sijafika kona ya kwanza mtu alisema shikamoo mwalimu. Nikampita. Mama muuza dagaa alisema za asubuhi, jirani yangu miaka ishirini, nikampita. Nyuma yangu nikasikia, "Mwalimu kapatwa na nini leo?" Pale stendi kijana wangu wa darasa la saba wa zamani, sasa anakata tiketi, alinisalimia mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, kisha akaliona jani, akachukua karatasi yangu akaisoma, akanionyesha kiti. Uso wangu ulikuwa unawaka moto. Nilitamani kumwambia kila mmoja kwamba mimi si mtu wa hivyo. Nililibana jani la kwanza mpaka likakatika, nikaweka la akiba.

Kutoka Butiama nilipanda bodaboda, nikamwonyesha dereva njia kwa kidole. Alizungumza safari nzima bila kuhitaji msaada wangu.

Mlinzi alikuwa yuleyule. Njia nzima nilikuwa nimemwandalia maneno, ya kumwambia nikitoka. Aliponiona alisimama. Nikajua amenikumbuka.

"Shikamoo mwalimu," alisema. Sikuwa nimewahi kumwambia kwamba mimi ni mwalimu; nadhani siku ile nilipiga kelele kama mmoja.

Nikanyamaza. Aliangalia jani. Akaangalia kiatu mkononi mwangu, kile kimoja cha kushoto, akakaa anakiangalia. Daftari lilikuwa mezani na hakuligusa. Alivua kofia, akafungua geti, akasogea pembeni.

Basi, hapo hasira ilinipanda upya, mbaya kuliko ya kwanza. Kumbe anaweza! Kumbe kufungua bila kuuliza anaweza, na mkono wake haukukatika, na bosi hakutokea chini ya ardhi. Nilizimaliza hatua thelathini. Nikachuchumaa, nikachota kwa kiganja. Maji yalinichoma kidogo, nikavuta mkono, nikachota tena. Nikamwagia kiatu cha mama mara tatu. Ngozi ikawa nyeusi zaidi, maji yakaingia ndani yakatulia kwenye alama ya kisigino chake.

Nilipotoka nililitupa jani. Mlinzi bado alikuwa na kofia mkononi, na ndiye mtu wa kwanza niliyemkuta. Maneno yangu yote yalikuwa tayari.

"Marahaba," nikamwambia.

Nikaondoka. Sijamsamehe, na sina haraka. Kwenye bodaboda, kwenye basi, mpaka naingia Musoma, nilikuwa narudia neno moja tu kichwani: kumbe anaweza, kumbe anaweza.

Mama nilimkuta amekaa kitandani na ungo mapajani, anachambua mchele. Nilimpa kiatu. Akaingiza vidole ndani kupima umajimaji.

"Bado ya moto?"

"Ya moto."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na njiani walikusalimia?"

"Wengi, mama. Wanafunzi wangu. Jirani. Hata yule wa getini."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Alikiweka kiatu kando yake, juu ya shuka, pale ambapo mguu ungekuwa. Akarudi kwenye ungo, akaona kijiwe, akakitoa, akakitupa mlangoni.

"Kumbe unaweza," alisema.